Misumari Minane, Kisha Minane

Karakana yetu ina mlango mmoja, madirisha mawili na mshairi mmoja ambaye kwa miaka mingi hakujua kwamba namsikia akitunga.

Mshairi mwenyewe ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na kazi yake ni kutengeneza makochi. Mimi nashona makava. Yeye anasuka mikanda, anafunga springi, anapanga sponji, kisha anavuta kitambaa na kukigongomea kwa vimisumari. Vimisumari hivyo huviweka mdomoni, konzi nzima, kama mtu anayetafuna karanga. Anakisukuma kimoja kwa ulimi mpaka kwenye midomo, nyundo yenye sumaku inakidaka, kinazama mtini. Ndiyo maana ukimsalimia asubuhi anakujibu kwa nyusi.

Mafundi wengine hugonga mfululizo, mpaka kitambaa kiishe. Shemeji hugonga minane, akatua. Minane tena, akatua kidogo zaidi. Mwanzoni nilidhani ni pumzi, nikamwambia aende hospitali akapimwe kifua. Kumbe anahesabu mizani: silabi nane, kituo, silabi nane, mstari umetimia. Akienda minane minane bila kusita najua ubeti umekubali. Akigonga mitano kisha akang'oa miwili kwa koleo, najua neno limemkatalia, na kochi la watu linaadhibiwa bila kosa.

Mimi si mshairi. Shairi ninalolijua ni la cherehani, nalo lina kina kimoja tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Lakini ukikaa chumba kimoja na mtu miaka kumi na mbili, utamsoma hata asipoandika.

Na huyu nilimsoma hivi. Kwenye makochi ana kiburi cha jogoo. Mteja akisema mkono huu umekaa chini kuliko ule, anamletea rula apime mwenyewe. Lakini mwambie shairi lako zuri, atageuka nyuma aone unasema na nani. Miaka sita alipeleka mashairi gazetini, kwenye ukurasa wa washairi. Alijibiwa mara moja, mistari miwili: wamepokea, nafasi ni finyu. Barua hiyo aliiweka kwenye mfuko wa shati la kutokea mpaka ikafuliwa nalo.

"Angalau wamepokea," aliniambia.

"Shemeji, hata pipa la taka linapokea."

Tulicheka. Yeye alicheka kidogo kuliko mimi, nikajua nimetia kidole penye kidonda. Nikampelekea chai bila kuombwa.

Jumamosi alasiri karakana hugeuka baraza la washairi. Wanakuja kwetu kwa sababu hapakosi pa kukaa: kochi lisilo na mgongo, kiti kisicho na mkono, benchi linalosubiri sponji. Mwenyekiti wao ni Mwalimu, mstaafu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kwanza. Kuna Nesi wa zahanati, anayefika na sare yake. Kuna Kinyozi wa jengo la pili. Na kuna wawili watatu wanaokuja mvua ikinyesha.

Wana sheria yao, na sheria hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Mwalimu anasema jina la mtu huziba masikio ya wenzake. Kwa hiyo kila mmoja anaandika shairi lake kwa herufi kubwa, bila jina, na kulitumbukiza kwenye mkebe wa biskuti. Mtu anachovya mkono, anatoa la mwenzake, analisoma kwa sauti. Kisha linachambuliwa. Kisha kura za mikono. Likishinda, mwenyewe anajitaja. Likianguka, linarudi mkebeni, na mwenyewe atalichukua wakati wa kutoka, akijifanya anatafuta kifuniko.

Sheria nzuri, kama watu wangekuwa na mioyo ya mbao. Mimi nilikuwa pembeni na cherehani yangu, na aliye pembeni ndiye anayeuona mchezo. Niliona kwamba kila shairi likisomwa, wa kwanza kulitukana ni mwenyewe. Anaogopa likianguka ataonekana ni lake, basi anawahi kulisukuma. Kinyozi aliwahi kusema la kwake limenyolewa upande mmoja. Nesi alisema la kwake ni maiti iliyochelewa kuzikwa, kisha akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko mafua yanavyohitaji. Na wenzao wanadhani huo ndio ukweli, nao wanaongeza. Asiyejitukana ni Mwalimu peke yake, kwa sababu mashairi yake yote yanaanza na "Enyi", na hakuna asiyemjua mwenye "Enyi".

Basi siku moja Mwalimu huyohuyo alituletea kiti chake cha kusomea. Tulikuwa tumekitengeneza mwaka uliotangulia.

"Kinanong'ona," alisema.

"Kinanong'ona nini, Mwalimu?"

"Ningejua nisingekileta. Nikikaa, kinanong'ona. Nikiinuka, kinanong'ona. Mke wangu anasema ni mifupa yangu."

Shemeji alikuwa ametoka kununua mikanda. Nikakipindua kiti, nikang'oa kitambaa cha chini, nikaingiza mkono kati ya gunia na sponji. Nikatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa Shemeji. Nikaupeleka mkono tena, nikatoka na nyingine. Beti tano za shairi ambalo Mwalimu mwenyewe alilipigia kura ya kuliangusha, na mwaka mzima amelikalia.

Shemeji aliporudi nilikuwa nimezitandaza mezani.

Alizitazama. Akaweka mikanda chini. "Ningeziweka wapi?" aliuliza, kama vile nimemshtaki.

"Watu huweka kwenye droo."

"Kwenye droo nitaziona."

"Basi tupa."

"Shairi si ganda la muhogo, shemeji."

"Choma."

Alinitazama kana kwamba nimesema achome paka. "Nilijaribu. Moyo ulikataa. Sasa kwenye kochi… ukishapigilia kitambaa, umezika. Lakini hujaua. Na mtu anakaa juu yake, anapumzika. Angalau lina kazi."

"Yako mangapi?"

Akahesabu kwa macho, dari nzima. "Makochi mengi," alisema.

Hapo ningemtania, na maneno nilikuwa nayo tele. Lakini kuna utani unaoingia na utani unaochoma, na nimeshaungua vya kutosha kujua tofauti. Nikamwambia tu kwamba siku nyingine atumie karatasi laini, hii ngumu inatutia aibu kwa wateja.

Wiki ileile Mwalimu alileta habari. Chama kitatoa kijitabu. Mashairi matano, yatachaguliwa kwa sheria ya mkebe, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Jumatatu yake yanakwenda kwa mpiga chapa. Washairi walitoka pale kila mmoja akitembea kana kwamba amebeba yai.

Shemeji alibaki akifagia nyuzi.

"Hili ni la mwisho," alisema.

"La mwisho lipi?"

"Nitatia moja. Likiingia kitabuni, nitajua. Lisipoingia, nitajua pia. Nitaacha, shemeji. Mtu hawezi kubisha mlango mmoja maisha yake yote. Wa ndani wakinyamaza, ama hawapo, ama wamekuona dirishani."

"Ukiacha utafanya nini?"

"Makochi."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Mtu anayetishia hupaza sauti.

Mwezi mzima nyundo ilikwenda minane minane. Kochi la wateja wawili waliooana uzeeni lilipigiliwa beti nne bila msumari hata mmoja kung'olewa. Niliposikia hivyo nilijua ana kitu mkononi.

Jumamosi ikafika. Mkebe ukazunguka. Mashairi mawili ya "Enyi" yalipita, maana nani atamwangusha mwenyekiti. La Kinyozi lilipita kwa bahati, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na jino bovu na hakuweza kusema. Kisha Nesi akachovya mkono, akatoa karatasi, akaanza kusoma.

Lilikuwa juu ya benchi la kungojea hospitalini. Nakumbuka mstari mmoja tu, lakini huo hautanitoka: *Benchi halina majina, ila lajua migongo.* Nesi aliusoma huo, akasimama. Yeye amepita mbele ya benchi la namna hiyo kila siku ya kazi. Akaendelea, na alipomaliza alikunja karatasi polepole, akaishika kwa mikono miwili.

Niliinua mguu kwenye cherehani. Nilimtazama Shemeji, nikamwona anatoka jasho, na nikajua atakachofanya kabla yeye hajajua. Nilitaka kuangusha mkasi. Ningeangusha hata cherehani.

"Ubeti wa tatu umelegea," alisema.

Nesi akamgeukia.

"Vina vinachechemea," aliendelea, na sasa alikuwa mtu anayeteremka mlima bila breki. "Na jambo lenyewe, benchi… nani asiyejua benchi? Mwandishi ametaka kututoa machozi kwa nguvu. Mimi naona halijaiva."

Hapo lazima mjue kitu. Katika chama kizima, Shemeji ndiye mwenye sikio. Akisema mizani imepungua, wanahesabu vidole na kukuta imepungua. Wakimwona amelikataa, nani atainua mkono? Kinyozi akatikisa kichwa na shavu lake lililovimba. Mwalimu akasema, naam, hata yeye alihisi jambo. Kura zikapigwa. Wa kulikataa, mikono juu. Shemeji aliinua wa kwake wa kwanza. Nesi alitazama huku na huku, akainua wake nusu, kama anayezuia nzi.

Likarudi mkebeni. Jioni nilimwona akitafuta kifuniko.

"Umejinyonga mwenyewe," nilimwambia walipoondoka wote. "Na kamba umenunua mwenyewe."

"Lingekuwa zuri kweli," alisema, "wangelitetea."

"Wangelitetea vipi na wewe umekaa shingoni mwake?"

"Shairi zuri linasimama hata likikaliwa."

"Hilo ni kochi, shemeji. Unachanganya kazi zako."

Hakucheka. Alifunga madirisha, akatundika aproni, akaenda zake.

Jumatatu aligonga mfululizo. Jumanne mfululizo. Kutoka pembe hadi pembe, ta-ta-ta-ta, kama fundi yeyote. Kazi ilikwenda haraka ajabu, tukamaliza viti vinne kwa siku mbili, na wateja wakasifu. Mimi sijawahi kuchukia kasi namna ile. Mara tatu nilishona mkono wa kushoto mahali pa kulia. Nilijua jinsi nilivyomzoea mume wangu pale tu alipoondoka, na sasa nikawa nagundua kwamba nilikuwa nimezoea na huo mdundo pia, minane na minane, bila kumwambia mtu, hata nafsi yangu.

Jumatano saa nne asubuhi mlangoni pakasikika kikohozi.

Kikohozi hicho nilikijua. Ni cha Springi. Springi ni fundi makochi wa juu ya barabara, mzee aliyeanza kazi hii kabla sisi hatujajua kukaa wima. Yeye na marehemu mume wangu hawakugombana hata siku moja, kwa sababu hawakuwahi kuongea. Walikoholeana tu. Mteja akitukimbia sisi anakwenda kwake, akimkimbia yeye anakuja kwetu, na kila upande unamwonyesha mteja makosa ya upande mwingine. Alikuwa hajawahi kukanyaga karakana yetu. Sasa amesimama mlangoni na boksi la viatu kwapani.

"Karibu mzee," nilisema. "Umepotea au umefilisika?"

"Mdomo wako bado una sindano," alisema. Akaingia, akabonyeza sponji ya kochi lililokuwa karibu, akaguna. Akapitisha kidole kwenye mstari wa vimisumari vya jana. Akakunja uso. "Hivi si vyenyewe," alisema. Akaenda kwenye kiti cha mwezi uliopita kilichokuwa kinamngoja mwenyewe. Akapitisha kidole tena, midomo ikihesabu. "Hivi ndivyo. Nani hapa anapigilia minane minane?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Shemeji alikuwa na konzi ya vimisumari mdomoni, macho yamemtoka.

Springi akaweka boksi juu ya meza ya kukatia, akalifungua. Lilijaa karatasi. Zimebapatika kama majani yaliyowekwa ndani ya kitabu.

"Zimekaliwa na watu wazito," alisema, "lakini zinasomeka."

Shemeji alitema vimisumari kiganjani.

"Ya kwanza niliipata miaka minne iliyopita," Springi aliendelea, akimwambia nyundo iliyokuwa mkononi mwa Shemeji badala ya kumtazama usoni. "Kochi la kijani. Nikadhani ni barua ya mwenye nyumba, nikampelekea. Akasema yeye hajui hata kuandika salamu. Nikaisoma. Nikaiweka. Ya pili ikaja kwenye kiti cha mtu mwingine kabisa, mwandiko uleule. Ya tatu. Ndipo nikaangalia misumari. Minane, nafasi, minane, nafasi. Nikasema, huyu fundi ama ana maradhi, ama ana hesabu zake. Tangu hapo likija kochi la minane minane nalifungua mwenyewe, simwachii mtu."

"Na yakija ya kubadili rangi tu?" niliuliza.

"Namwambia mteja ndani kumeoza."

"Mzee."

"Namrudishia likiwa jipya, analalamika nini?" Akageuka sasa, akamtazama Shemeji. "Usidhani nimekuja kukusifu. Nimekuja na malalamiko." Akapekua boksini, akatoa karatasi moja. "Hii. Ilikuwa kwenye kiti cha mtu mmoja, cha seti nyekundu. Beti tatu, halafu imekatika. Nikasema mwendelezo umo kwenye kochi kubwa la seti hiyo. Nikangoja kochi liharibike. Miaka miwili nangoja. Haliharibiki. Mlifunga springi zile kama mnafunga mwizi. Juzi nikashindwa, nikaenda nyumbani kwa watu, nikasema nakagua mende. Nimelala chali sakafuni, na umri huu, wenye nyumba wamesimama wananitazama napapasa tumbo la kochi lao. Hakuna kitu. Iko wapi iliyobaki?"

"Haipo," alisema Shemeji. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeamshwa. "Sikuimaliza."

"Kwa nini?"

"Sikujua inaishaje."

"Sasa mimi nitajuaje kama aliishika ile nyundo au hakuishika?"

Niliichukua ile karatasi mkononi mwa Springi. Sikuomba ruhusa. Nilisoma ubeti wa kwanza nimesimama palepale.

*Nyundo ipo ukutani, mpini una alama,*
*Vidole vyake mtini, vimechimba vikahama,*
*Nikitia kiganjani, wangu mkono wagoma,*
*Kaka mashimo ni yako, vidole vyangu havimo.*

Mume wangu alikuwa na mkono mpana. Nyundo ile ilikuwa ya kwake miaka kumi na sita, na mpini wake uliliwa na vidole mpaka ukawa na vishimo, unaweza kuvisoma ukiwa umefumba macho. Alipoondoka, ilining'inia ukutani wiki nyingi. Mimi sikuweza kuiondoa, na Shemeji hakuweza kuishusha. Kisha ya kwake ikavunjika mpini katikati ya kazi ya haraka, akanyoosha mkono bila kufikiri, akaendelea. Hakuna aliyesema kitu siku ile. Mimi nilidhani aliisahau saa ileile. Kumbe alikwenda akaiandika, akaikatiza njiani, akaifungia kwenye kiti chekundu cha watu.

"Baba yangu aliniachia mkasi," alisema Springi, safari hii kwa sauti ya chini. "Miaka mitatu sikukatia nao hata uzi. Kila nikiushika naona nimeazima bila kuaga. Sasa nikasoma hii, nikasema kuna mtu anajua. Nataka kujua yeye alifanyaje. Ndiyo hiyo tu. Lete hiyo nyundo."

Shemeji akampa. Springi akaigeuza dirishani, kwenye mwanga.

"Hapa ni pa kaka yako. Naona. Alikuwa anashika juu." Kidole chake kikateremka. "Na hapa?"

"Wapi?"

"Hapa. Chini yake."

Tulisogea wote. Chini kidogo ya mashimo ya mume wangu palikuwa na vishimo vingine viwili, vyembamba, havina kina kirefu, lakini vinang'aa kama sarafu iliyoshikwashikwa.

"Hapo sijui," alisema Shemeji.

"Weka mkono."

Akaweka. Vidole vikaingia, kimoja, cha pili, kama mtu anayeingia kwenye viatu vyake mwenyewe. Akavitoa, akavitazama. Akavirudisha. Miaka saba alikuwa ameishika nyundo ile kila siku, na hajaitazama hata mara moja, kwa sababu alikwisha kuamua itakuwa na nini.

Mimi nilirudi kwenye cherehani, nikakanyaga. Sikuwa nimeweka kitambaa. Uzi ukajiviringa wote chini, na ilinichukua nusu saa kuukwamua, jambo lililonifaa, maana nilikuwa na sababu ya kuinamisha uso.

"Nitapita Ijumaa," alisema Springi, akifunika boksi lake.

"Shairi halina Ijumaa, mzee," alisema Shemeji.

"Kochi lina Ijumaa. Shairi nalo litajifunza."

"Na hizo karatasi?"

Springi akaliweka boksi kwapani. "Hizi zangu. Nimezichimba mwenyewe." Akabonyeza tena ile sponji alipopita, akaguna tena, akatoka. Mlangoni akakohoa, kwa mazoea.

Mchana ule nyundo haikulia kabisa. Alhamisi asubuhi nilisikia mitatu, kimya, kisha koleo ikang'oa. Mitano, koleo. Kochi la watu likapata taabu, nami nikawa natabasamu peke yangu kama mwehu. Saa nane na nusu, wakati natia uzi kwenye sindano, ikaja: minane. Kituo. Minane. Sikugeuka. Minane, minane. Nilihesabu mpaka ubeti ukatimia, na mkono wangu ukawa bado uko hewani na uzi haujaingia.

Ijumaa Springi alikuja, akapewa karatasi, akaisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja. "Sawa," alisema. Ni hilo tu. Lakini kesho yake, Jumamosi, alirudi na kukaa kwenye kiti kisicho na mkono, katikati ya washairi.

"Wewe unaandika?" Mwalimu alimuuliza.

"Nakaa," alisema Springi.

Kijitabu kilikwisha kwenda kwa mpiga chapa. Shairi la benchi halimo, na mpaka leo halimo. Siku hiyo haikuwa na kitabu wala tuzo, ilikuwa Jumamosi tu ya kawaida, na mkebe ukaanza kuzunguka. Shemeji alikuwa ametumbukiza karatasi yake. Nilimwona, na nikaona jasho lilelile linaanza kwenye shingo ileile. Nikamwita pembeni.

"Shemeji, una kochi la kumalizia pale."

"Leo Jumamosi."

"Tia vimisumari mdomoni."

Alinitazama. Kisha akaelewa, na nilimwona anataka kucheka. Akachota konzi, si ya kawaida, konzi kubwa ya kuziba mdomo wa mbishi, akajaza mashavu yote mawili. Akaenda kusimama nyuma ya kochi lake, nyundo mkononi.

Aliyechovya ni Kinyozi, jino limeshang'olewa. Akasoma beti zote, na sauti yake ambayo kazini huwa ya kupiga porojo ilikuwa inashuka kila kibwagizo kilipofika. Nikamsikia akiingia ubeti wa mwisho.

*Nimegonga kwa miaka, mti umenizoea,*
*Kando ya mashimo, kaka, mengine yametokea,*
*Si marefu kwa hakika, ila yanaendelea,*
*Kaka mashimo ni yako, na vyangu vidole vimo.*

"Mwenye neno?" Mwalimu aliuliza.

Watu wote walimtazama mwenye sikio, wasikie wapi limelegea. Mwenye sikio alikuwa na mashavu kama ya mpiga tarumbeta. Macho yalimtoka, kichwa kikaanza kutikisika, midomo ikafunguka kidogo, kimsumari kimoja kikadondoka sakafuni. Hakuweza. Kimya kikakaa, kikapita pale ambapo siku zote mtu hukivunja, kikaendelea.

"Mimi sina la kupunguza," alisema Nesi hatimaye.

"Wala mimi," alisema Kinyozi.

Mikono ikapanda. Springi, ambaye si mwanachama, aliinua miwili.

"Limepita," alisema Mwalimu. Akavua miwani moja, akavaa nyingine. "Mwenyewe ajitaje."

Shemeji hakuweza kujitaja. Akaiinua nyundo juu ya kochi, mpini ukiwa kwetu, na akaishikilia pale.

Ilichukua muda waelewe. Nesi ndiye wa kwanza. Akaweka mkono kifuani. Kinyozi akatazama karatasi, akatazama nyundo, akatazama karatasi. Mwalimu akautazama mkebe wa biskuti. Naona alikuwa anarudi nyuma, wiki kwa wiki, akikumbuka ni nani kila mara alikuwa wa kwanza kusema halijaiva, na ni karatasi gani zilikuwa zinaondoka na nani.

"Kile kiti changu," alisema taratibu. "Kilichokuwa kinanong'ona."

Shemeji akaangalia chini. Mdomo umejaa chuma. Ikabidi nimjibu mimi.

"Kilikuwa kinakusomea, Mwalimu," nilisema. "Ila ulikuwa umekikalia."